Rumba ya Daktari wa Mazoezi

Wagonjwa humwita daktari wa mazoezi. Kazi yake ni kuwarudishia miguu watu waliopigwa na kiharusi, na dawa yake ni rumba ya Kongo, ile ya zamani inayoanza polepole. Humshika mgonjwa kiunoni kwa viganja vyake vipana, huku akiimba Kilingala asichokielewa, wala hakosei hata silabi moja.

Juzi aliletewa mwalimu mstaafu aliyegoma kuinuka kitini kwa wiki tatu. "Mwanangu, usijisumbue. Kutembea ndiyo basi tena."

"Nani kakwambia utembee, mwalimu? Mimi nataka tucheze."

Akawasha rumba, akamsimamisha kati ya vyuma viwili vya kushikia. Beti zikapita, mzee kasimama kama kigingi. Daktari hakumharakisha, alijua gitaa huchachamaa mwishoni mwa wimbo. Lilipochachamaa, kisigino cha kulia, kile kilichokufa ganzi, kikainuka, kikatua, kikainuka tena.

Mke wa mwalimu, aliyekuwa mlangoni, akaziba mdomo kwa kiganja. "Miaka arobaini ananiambia hajui kucheza."

"Alikudanganya, mama," daktari akasema, akisogea pembeni. "Njoo umshike wewe."