Siku Niliyoinywesha Fimbo ya Athi

Mke wangu amenikataza kuisimulia habari hii mezani, kwa hivyo naiandika, maana kuandika hakujakatazwa. Nikiri mapema kwamba aibu yote ni yangu: mimi ndiye mtu mzima wa miaka hamsini na miwili aliyesikika na wakwe zake watarajiwa akikibembeleza chuma kinywe maji.

Mambo yalianza na amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti kwenye spika. Nilikuwa nimenunua moja ya mitumba, nzito, yenye bodi ya chuma na plagi ya miguu mitatu, nikaipita kwa makusudi ile mpya ya plastiki yenye taa za rangi rangi, kwa sababu mimi husoma (kazi yangu ni stoo ya kiwanda cha kahawa, lakini umeme nimejifundisha mwenyewe, na daftari ninalo). Kifaa cha chuma ni kizuri, ila lazima kiwe na athi, yaani ule waya wa kijani na manjano unaochukua umeme uliotoroka na kuupeleka ardhini usije ukapitia kwa mtu. Hapa kwangu Kanja waya huo huishia kwenye fimbo ya shaba niliyoipigilia mwenyewe nyuma ya jiko, nikaizungushia makaa na chumvi kama kitabu kilivyosema, ili udongo upitishe umeme vizuri.

Sasa, mwezi huo jua lilikuwa limewaka mpaka shamba likapasuka, na udongo mkavu haupitishi kitu, basi spika zikaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki, na mke wangu, Mama Wawira, alipokuwa akipangusa vumbi ile amplifaya ikamuuma vidole. Fundi mmoja wa sokoni alinishauri nikate ule mguu wa athi kwenye plagi, mvumo utaisha. Nilimwambia mvumo utaisha na mke wangu pia. Dawa niliijua, nayo ilikuwa ndoo ya maji, nikaiandika kwenye daftari, nikaiahirisha mpaka Jumamosi.

Jumamosi hiyo ndiyo familia ya Mutuma, kijana anayetaka kumuoa binti yetu Wawira, ilikuwa inatoka Mikinduri kuja kutuona kwa mara ya kwanza. Wawira alinionya kwamba baba yake Mutuma, Mzee M'Ikiara, ni mzee wa kanisa asiye na mchezo, na kwamba aliwahi kugeuza gari na kurudi nyumbani kwa sababu boma walilokwenda kuposa lilikuwa na hirizi mlangoni.

"Baba, leo tafadhali uwe mtu wa kawaida," aliniambia. Nikaahidi.

Asubuhi nilikuwa sebuleni nikijaribu hotuba yangu ya kukaribisha wageni kwa ile maiki isiyo na waya, na mvumo ukawa unanikera, nikasema acha nikainyweshe ile fimbo mara moja. Maiki nikaitia mfuko wa shati bila kuizima, kwa sababu (hapa ndipo nilipojimaliza) nilikuwa narudi baada ya dakika tano. Jikoni akina mama walikuwa wanapika huku wakiimba, kwa hivyo huko nyuma sikusikia kitu kingine. Nikapiga magoti, kwani maji yakimwagwa haraka hukimbilia pembeni. Na lazima niseme ukweli, mimi huongea na vitu. Kwa vile wiki nzima nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba kwa Kiswahili, niliongea Kiswahili. Ningetumia Kiembu chetu, ambacho si lugha ya wageni, labda ningedai wamenisikia vibaya.

"Kunywa, mzee wangu, kunywa," nikasema. "Makaa nilikupa, chumvi nilikupa, maji ndiyo haya. Wageni wa Wawira wakifika usiniaibishe. Nyamaza kabisa, na kila Jumamosi nitakuletea."

Wageni walikuwa wameshafika, saa nzima kabla ya wakati, wameketi na chai mikononi. Wawira anasema sauti yangu ilitoka kwenye spika zote mbili, nzito (besi nilikuwa nimeipandisha), na niliposema nyamaza kabisa, mvumo ukanyamaza. Maji yalikuwa yamefika. Shangazi yake Mutuma akaweka kikombe chini.

Nilipoinua kichwa nikaona viatu vilivyopakwa rangi vizuri.

"Baba Wawira," Mzee M'Ikiara akaniuliza, "huyo unayemnywesha ni nani?"

"Ni athi, mzee," nikajibu, bado nimepiga magoti. "Bila yeye, nyumba hii ingekuwa imeshaua mtu."

Ni jibu sahihi kabisa, na sijawahi kutoa jibu baya zaidi. Shangazi akaanza kuulizia gari liko wapi. Mzee akataka nifukue, nikafukua nikiwa na tai shingoni, na kila nilichotoa kilinizamisha: makaa meusi, chumvi yenye maji, waya uliofungwa kwenye shaba. Wawira alisimama kando, hamtazami Mutuma wala mimi.

Nikaomba dakika kumi. Nikazima swichi kubwa, nikaufungua waya kwenye fimbo, nikawaita sebuleni na kuwaambia wasiguse kitu, nikawasha, nikaweka testa, ile bisibisi ambayo kitaa chake huwaka ikigusa umeme, kwenye bodi ya amplifaya. Kitaa chake kikawaka. Nikazima tena, nikaufunga waya, nikawasha, na testa ikabaki giza. Mzee akataka nirudie. Nikarudia mara tatu.

Mzee alinisogelea. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, ile fimbo inauzwa wapi, maana kwake redio kubwa humuuma mkewe, naye miaka yote amekuwa akimwambia ni mikono yake iliyo na maji.

"Unasikia, Mutuma?" akasema. "Hapa ndipo utaoa. Baba huyu hataki mkewe aumwe."

Shangazi hakuridhika mpaka shimo liombewe, tukaliombea sote, vichwa chini, na Amina yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Mwezi uliofuata nilikwenda Mikinduri kumpigilia mzee fimbo yake. Nilipopiga magoti na ndoo, majirani walijaa kwenye ua kutazama, na M'Ikiara akawa anawaeleza kama mhubiri kazi ya fimbo ile na kwa nini inataka maji. Mimi nilimwaga polepole, mdomo nimeufunga. Niliapa siku ile kwamba athi nitainywesha maisha yangu yote, lakini neno haitasikia tena kutoka kwangu.