Jirani Aliyewapikia Wezi Chai

Vitu vyangu vilitolewa nyumbani Jumamosi saa nne asubuhi, jua linawaka, jirani yangu ameshika upande mmoja wa kabati ili lisikwaruzwe na mlango. Watu hudhani wezi huja na giza. Wangu walikuja na makoti meusi, wakapikiwa chai, wakapewa pole.

Nimeambiwa niache majina kwa sababu watoto wetu bado wanasoma shule moja. Sawa. Nitawataja kwa kazi zao na kwa udugu wao, na kila mmoja akisoma atajijua. Mimi niliachia darasa la sita, kupamba maneno sijui. Mwenye kosa nitamwita mwenye kosa.

Mume wangu alikuwa soja. Miaka kumi na minane alilinda boma moja kule Loresho, boma la ukuta mrefu na nyaya za stima juu yake, mbwa wawili, na taa zinazojiwasha paka akipita. Asubuhi akirudi Kinoo kwenye chumba chetu kimoja, ploti ya vyumba kumi na vinne, alikuwa ananicheka. "Mama, hii kufuli yako hata mtoto wa nasari anaifungua." Lakini hakuleta nyingine, na mimi sikumsumbua, maana sikuwa nategemea kufuli. Nilikuwa nategemea jirani. Mlango wake na wangu imegusana. Mimi nafagia ofisi Westlands, natoka kabla ya jua. Yeye anauza samaki wa kukaanga kando ya barabara, anatoka jioni. Kwa hivyo mchana macho yake yalikuwa kwenye mlango wangu, na jioni yangu kwenye wake. Miaka kumi na moja tuliishi hivyo na sikupoteza hata soksi kwenye kamba.

Ni mtu wa kwetu magharibi, ingawa si kijiji kimoja. Aliniita dada na mimi nilimwita dada, na hatukuwahi kuulizana nani mkubwa.

Mume wangu alikufa na kifua. Ile baridi ya mwezi wa saba ilimpata kwenye kibanda cha geti, akakohoa, akasema ni homa, akaendelea kusema ni homa mpaka akalazwa. Siku ya nne nikapigiwa simu nikiwa kazini, nimeshika tambara.

Sasa, kwetu mlango wa matanga haufungwi. Mtu akifa, watu wanaingia. Humuulizi mtu ametoka wapi, humuulizi alimjulia marehemu wapi. Anakupa mkono, anaketi kwenye kiti chako, anakunywa chai yako, anaangalia nyumba yako. Wiki nzima chumba kilijaa. Wengine walikuwa watu wa kanisa, wengine masoja wenzake, na wengine mpaka leo sijui walikuwa nani. Kuna mmoja aliketi karibu na runinga jioni tatu mfululizo, akaimba nyimbo zote bila kitabu. Nilifikiri, huyu lazima alimpenda sana mume wangu.

Wa kwanza wa kulaumiwa ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Ana kibanda cha kuchapisha makaratasi mjini, kwa hivyo yeye ndiye alitengeneza tangazo. Picha ya ndugu yake juu, na chini yake kila kitu: jina la mama yao, la kijiji, mikutano ni kila jioni nyumbani kwa marehemu, Kinoo, mtaa ule, ploti ile, nyumba nambari saba, mwili utatoka mochari Alhamisi asubuhi, familia yote itasafiri, mazishi Jumamosi. Akalibandika kwenye geti letu na kwenye milingoti ya stima, akalituma kwa simu za watu ambao hata hawatujui.

Nilimwambia, "Shem, kwani lazima uandike familia yote itasafiri?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Shem, tunataka watu wajue ndugu yangu hakuwa mtu wa kutupwa."

Mjane habishani.

Alhamisi tulipopanda basi jirani alikuja mpaka dirishani. Hangeweza kusafiri, mtoto wake wa mwisho alikuwa na surua. Alinishika vidole akasema, "Nenda ukamzike baba wa watoto. Nyumba niachie mimi." Sikuangalia nyuma basi lilipotoka. Ya nini?

Tulizika Jumamosi. Jumapili wazee wa mume wangu wakaniketisha chini wakaniuliza, mjane atafanya nini Nairobi? Kaa hapa, shamba liko, boma ni lako. Niliwajibu kwa heshima kwamba kazi ninayo, msichana wangu yuko kidato cha pili, nyumba yangu iko Kinoo na vitu vyake vyote, na jirani niliye naye anazidi ndugu. Hayo ya mwisho niliyasema kwa sauti, shemeji asikie. Nilitaka kurudi kwangu. Kwa maisha yangu yote sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kurudi kwenye kile chumba, niketi kwenye kile kiti, mtu wa pembeni anigongee ukuta aniulize nimekula.

Jumanne saa saba mchana tulifika, mimi na msichana. Mlangoni nikakuta kufuli mpya. Nikajaribu ufunguo wangu, haukuingia. Jirani akatoka kwake anajipangusa mikono, uso wake mpole, na kiganjani ana ufunguo nisioujua.

"Pole, dada," akasema. "Angalau wamekuachia jiko na nguo."

"Nani?"

"Si wale shemeji zako."

"Shemeji zangu gani? Shemeji zangu wote walikuwa mazishini na mimi."

Aliketi pale pale kwenye ngazi. Nilimpokonya ule ufunguo nikafungua mwenyewe. Kitanda hakuna. Viti hakuna. Runinga, meza, mtungi wa gesi, pazia, hakuna. Pale kabati lilikuwa, ukuta ulikuwa bado na ile rangi yake ya zamani, safi, umbo la kabati. Kwenye kona kulikuwa na jiko la makaa, sufuria mbili, na nguo zangu zimekunjwa vizuri juu ya gunia. Alizikunja yeye.

Msichana wangu akauliza, "Mama, tumehamishwa?"

Hadithi niliipata vipande vipande, hapo hapo koridoni, ploti nzima imetoka kusikiliza. Pikapu ilikuja Jumamosi, imefungwa vitambaa vyekundu kwenye vioo kama gari la mazishi. Wanaume wanne. Walilitaja jina la mume wangu, la kijiji, la mamake, yote kutoka kwa tangazo la shemeji. Wakasema wametumwa na wazee kuchukua mali ya ndugu yao, mjane amebaki kijijini, na ufunguo umepotea kwenye vurugu za matanga. Mmoja alishika kiti cha marehemu akalia machozi ya kweli.

"Alilia, dada," jirani akasema. "Ningejuaje? Nikamshika mkono. Nikawawekea chai."

"Ukawawekea chai!"

"Nilikupigia. Simu ilishikwa na mwanamume, akasema mjane haongei na simu leo, nipige kesho. Akakata."

Huyo ni shemeji tena. Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wake tangu asubuhi. Angeuliza neno moja tu. Nani anapiga, ana nini. Basi.

Na ufunguo? Ufunguo ni kazi ya msimamizi wa ploti, huyu anayekusanya kodi na kujifanya mwenye nyumba. Hakuuliza kitambulisho. Hakuuliza barua. Alileta msumeno wake akakata kufuli yangu mwenyewe, na walipomaliza akaweka nyingine, ati mlango usibaki wazi. Nilipomkabili alivua kofia akaishika kifuani. "Mama, nilifungua kwa heshima ya marehemu. Ningewazuia, mngesema nimedharau msiba."

"Kwa hivyo tukushukuru?"

"Si hivyo, mama. Na hiyo kufuli mpya nimekupatia tu, usijali."

Watu wawili wakacheka, wakaona aibu.

Kwa nini ploti nzima iliona pikapu ikipakiwa mchana na hakuna aliyepiga nduru? Kwa sababu walishaona hayo. Kwetu, na si kwetu tu, mume akifa ndugu zake huja kuchukua. Wanachukua kitanda, wanachukua runinga, wakati mwingine wanachukua na watoto. Watu husimama kando, wanasema hayo ni mambo ya familia. Wezi wangu walijua hivyo. Hawakuhitaji panga. Walihitaji kufanana na shemeji.

Lakini mimi sikutaka kusikia hayo siku ile. Nilimgeukia jirani yangu mbele ya watu wote nikamuuliza, "Walikupa nini?"

"Dada."

"Miaka kumi na moja unaniangalia mlango. Kumbe ulikuwa unaungoja. Walikuachia nini? Tuingie kwako tuone?"

Akasimama. Hakupiga kelele. "Jumatano usiku watu walipoondoka tulibaki wawili kwa hii nyumba yako," akasema. "Ulikuwa umelala kwenye paja langu ukilia. Uliniambia hao ndugu zake watakuja tu. Ukasema, wakija usipigane nao, wacha wachukue vyote, mradi waniachie mtoto. Si ulisema?"

Nilisema. Ningependa kuandika hapa kwamba sikumbuki, lakini nakumbuka mpaka harufu ya samaki kwenye leso yake. Nilisema vile mtu mwenye msiba anavyosema, na yeye akashika neno langu kama wasia. Kumbe nilikuwa nimewafungulia mlango na mdomo wangu, kabla msimamizi hajaleta msumeno.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Mwizi hakosi la kusema." Halafu nikaingia ndani nikafunga mlango.

Kwa polisi walinichelewesha kwenye benchi nusu siku. Yule wa mezani aliandika kidogo, akasimamisha kalamu. "Mama, hapa uliibiwa ama ulihama? Mlango haukuvunjwa. Msimamizi wa ploti ndiye alifungua. Majirani ndio walibeba. Sasa mimi nimshike nani?" Sijui kama alikuwa ananicheka. Nilipewa nambari ya kesi kwenye kikaratasi, na ninayo mpaka leo, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Shemeji nilimpigia. Nikamwambia tangazo lako ndilo lilileta watu. Akasema, "Shem, usitafute mchawi. Rudi nyumbani, Nairobi imekumaliza." Tangu siku hiyo hajanipigia, na mimi sijampigia.

Sikurudi. Tulilala kwenye maboksi, halafu kwenye godoro. Mwenzangu mmoja wa kazi alinipa viti vyake vya zamani. Nikaweka grili mlangoni na komeo mbili za ndani. Nikamfundisha msichana: mtu akigonga, uliza nani, uliza uko na nani, hata akisema ni pasta usifungue mpaka nije. Ploti nzima imejifunza. Sasa kila mlango una chuma, na mtu akifiwa matanga hufanyiwa kanisani. Tuko salama kuliko zamani. Nakubali.

Na jirani bado yuko pale pembeni. Tunasalimiana. Nimejaribu mara nyingi kuanza maneno. Siku moja nilinunua samaki wake nikamwambia asinirudishie chenji, akaihesabu yote akaniwekea mkononi.

Mwaka jana mamake alikufa. Sikuambiwa. Nilisikia kupitia ukuta, Jumapili mchana, kilio ambacho mtu anakiminya kwenye mto. Hakufungua mlango wake. Hakukuwa na tangazo, hakukuwa na chai, hakuna aliyeimba. Mtu wa kwetu anamlilia mama yake peke yake, mlango umefungwa komeo. Nilipika chai nikaiweka kwenye chupa, nikagonga.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu, dada."

Nilisikia komeo moja ikitolewa. Nyingine haikutolewa. Nilingoja mpaka mkono ukachoka, nikaweka chupa chini, nikarudi kwangu.

Alisafiri bila mtu kujua siku. Niligundua kwa kukosa harufu ya mafuta. Siku hizo nane niliomba zamu ya jioni huko Westlands ili mchana niwe nyumbani, nikaweka kiti changu mahali ninapoona mlango wake. Fundi wa maji alikuja, nikamfukuza. Msimamizi alikuja, nikamuuliza anatafuta nini mpaka akaondoka ananung'unika. Chooni nilienda nikikimbia. Hakuna aliyegusa zile kufuli zake.

Aliporudi nilikuwa pale pale kwenye kiti. Amekonda, kichwa kimenyolewa, begi moja.

"Pole kwa mama," nikasema.

"Asante. Tulimzika vizuri."

"Mlango wako niliuangalia. Kila siku. Hakuna mtu amefika."

Aliweka begi chini, akatafuta funguo zake kwenye nguo, akafungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili. Nilifikiri ataingia bila kusema. Halafu akageuka akaniangalia vizuri, mara ya kwanza tangu ile Jumanne.

"Sikukuomba," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema polepole, vile unamwambia mtu aliyechoka aende akalale. Akaingiza begi, akafunga mlango, na mimi nikabeba kiti changu nikakirudisha ndani.