Niliwauliza Nisiowajua

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu siku dereva wa lori alipopiga honi mbele ya mlango wa duka. Wateja wawili waliruka. Mimi niliangusha karatasi nilizokuwa nazitoa kopi. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi, amenipa mgongo, anapanga vifuniko vya soda. Hakugeuka.

Nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la stationari Tunduma, karibu na mpaka, pale malori yanapopanga foleni kuingia Zambia. Nilichapa barua, nikatoa kopi, nikapiga muhuri. Mtoto nilikwenda naye kazini kwa sababu mume wangu alikuwa akifanya biashara ya mpunga, na safari zake za Kamsamba zilimweka huko wiki nzima.

Aliporudi nilimweleza habari ya honi.

"Amezoea," alisema. "Mtoto wa Tunduma atashtuka na honi?"

Tulipokwenda Iyula kuwasalimia wakwe, mama mkwe naye akaniambia kwamba hata mume wangu alichelewa kusema, nisimtafutie mtoto ugonjwa. Kwetu wala kwao hapakuwa na kiziwi hata mmoja, kwa hiyo sikujua pa kuanzia.

Pale dukani palikuwa na kompyuta yenye modemu. Mteja mmoja aliwahi kunionyesha jukwaa la Kiswahili ambako watu waliuliza kila kitu, kuanzia shamba hadi ndoa, kwa majina ya kubuni. Nami nikajiandikisha. Kumbe jina nililochagua lilisikika la kiume, maana tangu siku ya kwanza waliniita "mkuu". Niliandika kwamba mwanangu haitiki akiitwa, nikaeleza habari ya honi, nikaeleza hata gauni la njano alilovaa siku ile. Nilifuta mara mbili kabla ya kutuma.

Mchana majibu yalikuwa yamejaa. Mmoja alisema nimpeleke akaombewe. Mwingine akaniambia nimdondoshee maji ya kitunguu masikioni. Mwingine aliuliza mama wa mtoto yuko wapi mpaka baba ndiye anahangaika. Mmoja, aliyesema ni muuguzi, aliandika kwa herufi kubwa nisitie kitu chochote sikioni, nimpeleke apimwe. Chini yake palikuwa na jibu fupi:

"Mkuu, mimi ni kiziwi tangu utotoni. Simama nyuma yake asipokuona, gonga sufuria. Halafu gonga hilo benchi alilokalia. Niambie amegeukia kipi."

Sikuwahi kufikiri kwamba kati ya wale wote waliokuwa wakiandika na kubishana humo angeweza kuwemo kiziwi. Nilimjua kiziwi kama mtu wa kuoneshwa kwa kidole sokoni.

Sufuria hakuigeukia. Nilipogonga benchi aligeuka, akacheka.

Nilirudisha jibu. Naye akaandika: "Basi inawezekana hasikii, ila mtikisiko anauhisi. Mpeleke hospitali wampime vizuri. Ila usingoje majibu ndipo uanze kuongea naye. Kaa mbele ya uso wake, mahali penye mwanga. Tumia mikono."

Nilichapisha kurasa zile nikazitia mkobani. Mume wangu alizikuta aliporudi, akitafuta kalamu.

"Hawa ni kina nani?"

"Siwajui."

"Habari za mtoto wetu unawaambia watu usiowajua, mimi baba yake huniambii?"

"Nilikuambia. Ulisema amezoea."

Alikaa akasoma zote, mpaka ile ya kitunguu. Kisha akachukua mfuniko wa sufuria na mwiko, akasimama nyuma ya mtoto aliyekuwa akinywa uji. Akagonga. Akagonga tena kwa nguvu, mpaka jirani akauliza kuna nini. Mtoto aliendelea na uji wake. Mume wangu aliweka mfuniko chini, akatoka, akakaa kwenye ngazi za nje. Niliogopa kumfuata. Aliporudi ndani aliuliza, "Mbeya tunakwenda lini?"

Huko Mbeya walimpima, wakatuambia masikio yote mawili hayasikii, na huenda ni tangu kuzaliwa. Kwenye basi la kurudi mume wangu alimpakata njia nzima. Mimi nilijisikia mwepesi, na nikaona aibu kwa wepesi ule.

Rafiki yetu wa jukwaani alituhimiza tutafute viziwi wa karibu, kwa kuwa lugha ya alama hujifunzwa kwa watu. Wakati tukiwatafuta, alituandikia alama chache kwa maneno: vidole vikusanye, vipeleke mdomoni, hiyo ni kula. Tulikaa mezani na karatasi, mume wangu anasoma, mimi najaribu, halafu tunabishana kiganja kinatazama wapi. Mama mkwe alipokuja kututembelea alitutazama kwa muda. "Mnacheza nini?" akauliza. Siku ya tatu nilimkuta uani na mjukuu wake, amekunja viwiko, anavipigapiga ubavuni kama kuku. Mtoto alimwiga, akaenda moja kwa moja kwenye banda.

Baadaye nilimwandikia rafiki yule kwamba mimi si baba, ni mama.

"Nilijua," alijibu. "Ulieleza rangi ya gauni."

Sikupata kumjua yeye ni mwanamume au mwanamke, wala anaishi mji gani.

Majina ya mahali tulijitungia wenyewe. Kamsamba kuna joto, kwa hiyo ikawa kujipepea kwa mkono. Asubuhi moja mume wangu aliondoka mtoto akiwa bado amelala. Alipoamka alizunguka nyumba nzima, akaja kusimama mbele yangu. Akafanya alama ya baba. Kisha akajipepea, akaninyanyulia uso, akingoja. Ndiyo mara ya kwanza aliponiuliza kitu.

Nikatikisa kichwa kukubali. Aliridhika, akaenda kucheza.

Mume wangu alipopiga simu nilimsimulia.

"Mwambie narudi kesho," alisema. Kisha akauliza, "Kesho tunaionyeshaje?"

Sikujua. Nikamwambia nikifika dukani nitauliza.