Simu za Msimu wa Makala

Qamara wa Tlawi, huko Mbulu, hakuwa mtu wa maneno. Kwenye mikutano ya kijiji alikaa karibu na mlango, na akiombwa atoe lake alisema anakubaliana na aliyetangulia. Shule yake iliishia darasa la saba. Mkewe Lucia ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya nyumba nzima, na alipofariki, ukimya uliingia ndani ukakaa kama mgeni asiyeaga.

Binti yao Fabiola alikuwa akifundisha mambo ya fedha katika chuo kikuu huko Morogoro. Alipiga simu kila mwisho wa mwezi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mvua zipo?"

"Zipo kidogo."

Baada ya mvua hapakuwa na kitu. Enzi za Lucia simu ingeishia mikononi mwake, naye angeyachota maneno mpaka salio likatike. Sasa baba na binti walisikilizana wakipumua, kisha mmoja akasema "haya", na mwenzake akasema "haya". Qamara alirudisha simu mfukoni akiwa na mambo mengi ambayo hakuyasema. Kubwa lilikuwa moja tu: njoo nyumbani hata siku mbili. Lakini unamwambiaje mtu mwenye kazi yake aache kazi aje kukutazama wewe?

Mwaka huu, mwezi wa pili, Fabiola akapiga siku isiyo yake.

"Baba, si una ng'ombe kwa rafiki yako Renatus kule Gehandu?"

Qamara akageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yake. Mambo ya ng'ombe wa mtu hayasemwi barabarani.

"Nani anauliza?"

"Mimi tu, baba. Naandika makala."

Akamweleza. Kulikuwa na jarida la mambo ya fedha, linasomwa na wataalamu wa dunia nzima, nalo lilikuwa linapokea makala kuhusu jinsi watu wasio na benki wanavyotunza mali zao. Fabiola alikumbuka ya kwao. Mtu wa Mbulu au Hanang hafugi ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Mmoja humpeleka kwa rafiki wa mbali. Rafiki anakunywa maziwa na kuchukua mbolea, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ugonjwa ukipita Tlawi, aliyeko Gehandu anabaki. Ukipita Gehandu, wa Tlawi wanabaki.

"Hiyo ni benki, baba. Tena ni bima. Ila hakuna aliyeiandika vizuri, na mimi mengi nimeyasahau."

Tangu siku hiyo alipiga karibu kila jioni. Mtandao ulishika vizuri juu ya jiwe lililo kichwani mwa shamba la maharage, na jua likianza kuteremka Qamara alikuwa ameshapanda, amevaa koti, ametazama kule mlima Hanang ulikojifunika mawingu. Fabiola aliuliza: rafiki anachaguliwaje? Kwa nini mwenye ng'ombe haendi kumwangalia? Qamara akajibu kwamba ukienda kumwangalia umesema humwamini mwenzako. Unangoja habari zije zenyewe. Unaweza kumtamani ng'ombe wako mwaka mzima na usikanyage huko.

"Na ukimtamani sana?" Fabiola aliuliza.

"Unatamani tu."

Kuna neno moja la Kiiraqw, lugha ya kwao, Fabiola alilikosea kabisa, akasikia alichokisema, akacheka. Kicheko kile kilikuwa cha Lucia, kikianzia chini na kupanda kwa vituo. Usiku ule Qamara alilala akiwa na sababu ya kuamka.

Dada yake Gaudensia, aliyeishi ng'ambo ya kijito, hakukosa kuona.

"Kaka, umepata mchumba? Kila jioni uko jiweni, umenawa na uso."

"Naongea na Fabiola."

"Wewe? Unaongea?"

"Ni mambo ya benki."

"Benki," Gaudensia alisema. "Mtu hana hata kitabu cha akiba."

Makala ikakua. Fabiola alimsomea vipande, akivigeuza kutoka Kiingereza: mwanzo, njia aliyotumia, alichokiona. Alisema profesa wake ameipitia na kusifu. Alisema imebaki kidogo. Qamara alilishika neno hilo "kidogo". Makala ikiisha, maswali yataisha, na simu zitarudi mwisho wa mwezi, na mvua zipo kidogo.

Basi akaanza kujibu kama mtu anayepima unga wakati wa njaa, leo kibaba, kesho kibaba. Swali la kujibiwa kwa jioni moja lilichukua jioni nne.

Kisha likaja swali la mwisho. Profesa alitaka kujua: mtunzaji akimuuza ng'ombe wa watu na kusema amekufa, ni nini kinamzuia? Hakuna mkataba, hakuna polisi.

Qamara alilijua jibu. Alikuwa ameweka ng'ombe kwa watu, na watu walikuwa wameweka kwake.

"Hilo ni la kumuuliza Renatus," alisema.

"Muulize basi, baba."

"Siwezi kutokea tu kwake. Ataona nimekwenda kukagua. Mpaka ipatikane sababu."

Fabiola akangoja. Kila jioni aliuliza kama sababu imepatikana, na kila jioni walihamia mazungumzo mengine, bei ya vitunguu, kaburi la mama kama limepaliliwa. Qamara alikuwa na furaha ya mwizi.

Gaudensia alipita jioni moja na mzigo wa kuni, akasikia. Alisubiri mpaka simu ikatwe.

"Renatus wa nini? Hilo unalijua tangu ukiwa na suruali fupi."

Qamara akairudisha simu mfukoni.

"Mtoto anachelewa, kaka."

Kesho yake sauti ya Fabiola ilikuwa imechoka.

"Baba, wanafunga kupokea kesho mchana. Usihangaike tena na Renatus. Nimeandika kwamba wenyeji hawana utaratibu wa wazi kwa jambo hilo."

"Umeandika hivyo?"

"Ningeandika nini?"

Qamara aliliona bonde lote chini yake, moshi ukitoka kwenye paa za watu waliotunziana mali tangu babu zao, na dunia nzima ikisoma kwamba hawana utaratibu. Na aliyesababisha ni yeye, kwa kutaka kusikia kicheko.

"Futa," alisema. "Ng'ombe akifa, mtunzaji analeta ngozi. Mwenyewe anaijua ngozi ya ng'ombe wake, madoa yake na alama yake. Fisi akila, analetwa shahidi na kilichobaki. Mwenye ng'ombe hamwulizi neno, anampa chakula. Akimwamini, baadaye anampelekea mtamba mwingine. Asipomwamini, hapeleki. Watu wakiona hapeleki, na wao hawapeleki. Mtu huyo anabaki na zizi lake tupu, na hakuna aliyemtukana."

Kibodi ya kompyuta ilisikika ikigongwa haraka upande wa pili. Kisha ikanyamaza.

"Baba. Ulikuwa unalijua?"

"Nililijua."

"Tangu siku nilipouliza?"

"Ukishamaliza hutapiga," Qamara alisema. Neno lilimtoka kabla hajalifunga.

Qamara akaitoa simu sikioni, akatazama kama mtandao bado upo.

"Ngoja niipeleke kwanza, baba," Fabiola alisema polepole. "Kesho nitakwambia."

Kesho yake alipiga mchana, Qamara akiwa shambani. Imekwenda, alisema. Wasomaji waliowekwa na jarida kupima makala wataichunguza miezi kadhaa, huenda wakaikataa, na wakiipenda lazima wairudishe na maswali.

"Maswali mengi?"

"Huwa hawaishiwi," alisema, akacheka kidogo. Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja.

Jumapili, kanisani, Qamara aliomba makala ya mwanawe ikubaliwe. Alitaka kuongeza kwamba wasomaji wale wawe wabishi na wasiwe na haraka, akaona haya mbele ya Mungu, akafanya ishara ya msalaba kabla neno halijaisha.