Sahani ya Baba Kando ya Sinia

Kopo la mafuta ya kupuliza nililinunua Jinja, baada ya kusimama mbele ya rafu nikisoma maandishi yake yote mara mbili. Daktari alikuwa amemwonya baba apunguze mafuta, moyo wake umechoka. Nilipolifikisha nyumbani Malukhu, Mbale, mama aliligeuzageuza mkononi.

"Hii si dawa ya mende?"

"Ni mafuta, mama. Unapuliza kidogo tu kwenye kikaango."

Baba, askari jela mstaafu, akacheka. "Haya, nipulizieni."

Alikula mayai yangu makavu wiki nzima bila kulalamika. Ijumaa ndiyo iliyonishinda. Kila Ijumaa baada ya sala, wazee wenzake wawili huja kula naye kwenye sinia moja. Kwetu mgeni hupewa wali unaong'aa na samaki aliyeiva ndani ya mafuta. Ukimpa mkavu, ni kama umemwambia asirudi. Niliwaza tangu asubuhi. Nikiwapulizia wote, nitamwaibisha mama. Nikiwakaangia wote, nitamdhuru baba. Mwishowe nikawapikia sato wa kutoka Masese, mwaloni kule Jinja, kwa njia mbili, na vipande vya baba nikavitia kwenye sahani yake peke yake. Nilijiona nina akili.

Wazee wakanawa. Mikono yao ikaenda kwenye sinia, wa baba ukabaki kwenye sahani.

"Afande," mmoja akasema, "leo mfungwa ni wewe? Umewekwa selo ya peke yako?"

Wote walicheka, na baba pia, lakini aliinamisha uso akamega samaki wake taratibu kama mtu anayekula hotelini katika mji asioujua. Nilikuwa mlangoni na jagi la maji. Nilitamani kuificha ile sahani.

Yule mzee akainyakua, akaimwaga katikati ya sinia. Nilifungua mdomo kumzuia. Tayari vidole vyake vilikuwa vinavuta vipande vya mafuta upande wake na kusukuma vikavu upande wa baba.

"Samaki gani huyu? Amekaangwa kwa upepo!"

Baba akainua uso, akala.

Baadaye hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Ijumaa iliyofuata sahani sikuitoa. Nilipanga vikavu kwenye sinia, upande anaokaa yeye. Kisha nikasimama tena mlangoni, nikichunga mkono wake usivuke, na nikajichukia kwa jinsi nilivyosimama kama askari wa selo.