Ndoo ya Mbolea Juu ya Kisima cha Shangazi

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya ndoo, mwanangu. Mpaka leo nikishika ndoo ya mbolea mkono unasita kwanza, halafu nacheka peke yangu.

Nilikuwa bado kijana, mtoto mgongoni, nimetoka arobaini juzijuzi tu. Pale Mtanda, juu ya nyumba ya shangazi yangu Zainabu, palikuwa na kiwanja cha wazi chenye mteremko, watoto wakichezea mpira vumbi tupu. Kila masika udongo wake ulikuwa unaporomoka mpaka kwenye ukuta wa shangazi na kwenye kisima chake, na maji ya kisima kile ndiyo mtaa mzima tuliyokuwa tunakunywa. Basi wanawake tukakubaliana tupande ukoka, ushike udongo kabla ya masika. Tulipanda vipande kwa mikono yetu, mstari kwa mstari. Migongo ilituuma, acha!

Ukoka ukaanza kugeuka njano, na mawingu nayo yanajikusanya. Nilichanganyikiwa, nakwambia kweli. Nikiutazama ukuta wa shangazi ulivyolika chini, usingizi hauji. Baba yako alikuwa amerudi kutoka Likawage na mbolea ya dukani, ile ya chumvichumvi, iliyobaki shambani baada ya kuyakoleza rangi mahindi ya huko. Nikajaza ndoo pomoni, nikapanda nayo mteremkoni. Nilijiona mjanja, basi!

Shangazi akanikuta ndiyo kwanza nachota.

"We! Unataka kumwaga yote hiyo?"

"Shangazi, nyasi zina njaa. Hebu zitazame zilivyo njano."

Akainama, akavuta shina moja taratibu. Likamfuata mkononi bila ubishi, mizizi ndiyo kwanza inachungulia.

"Hili litakula kwa mdomo gani?" akaniuliza. "Wewe ulipojifungua, siku za mwanzo nilikulisha nini?"

"Uji, shangazi. Uji mwepesi wa pilipili manga."

"Mbona sikukuletea sinia la pilau? Kwani sijui kupika pilau? Nyasi hizi ni mzazi wa jana. Na mawingu hayo huyaoni? Mvua ikishuka, mbolea yako inakwenda wapi kama si kisimani kwangu? Huyo mtoto mgongoni atakunywa nini?"

Akanipokonya ndoo, akaiingiza ndani kwake, akaifunika kwa ungo.

Hatujakaa sawasawa, mvua ikashuka, ile ya kumwagika. Nilisimama barazani nimemkumbatia mtoto, naangalia maji yanavyoteremka moja kwa moja kuelekea kisimani. Ilipokatika tukatoka mbio. Vipande vichache vilichukuliwa na maji, lakini ukoka ulio mwingi ulikuwa umelala palepale, umeshikilia. Maji ya kisima yalitibuka kidogo tu, ya kungoja yatulie. Nikakaa chini kwenye tope, nikalia kwa faraja, na shangazi huku ananicheka. Alhamdulillahi, nilisema, nikasema tena.

Vilivyochukuliwa tukavirudishia. Tukatandaza samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kidogo kidogo katikati ya mistari. Shangazi akawa anapita kuvuta shina hapa na pale. Siku shina lilipokataa kung'oka, ndipo akanirudishia ndoo yangu. Tukanyunyiza kiasi cha kutia chumvi kwenye mchuzi, tukamwagilia polepole, na upande wa kisimani hatukutia hata chembe. Masika yalipokuja, udongo haukuufikia ukuta tena.

Sasa nasikia umekabidhiwa kile kiwanja kipya cha nyasi huko mjini. Njano ya mwanzo isikutie kiwewe. Vuta shina kwanza, likikufuata subiri. Samadi iliyooza itangulie, mbolea ya dukani ije baadaye, tena kidogo, nyasi zikishashika ardhi. Mbingu ikiwa nzito, mfuko ubaki ndani. Ukikata nyasi, majani usiyachome, yaache palepale, nayo ni chakula chake. Na kabla hujatia chochote, teremka mpaka chini uone nani anakunywa huko.

Mtoto yule wa mgongoni ni wewe, mwanangu. Umekunywa kisima kile mpaka umeota ndevu, na maji yake hayajawahi kukuumiza tumbo. Nenda kafanye kazi yako. Mungu akuoteshe mizizi kwanza, majani yatakuja yenyewe, na anayekaa chini yako anywe maji safi. Amina.