Mgongo wa Domitilla

Domitilla alikuja Roma na mumewe kutoka milimani, miaka ile Mafashisti wa mashati meusi walipokuwa wakipita mitaani kwa ngoma na makelele. Nazzareno alikuwa mchukuzi, na mkokoteni ndio uliowalisha, mpaka kipupwe kimoja bega lake likateguka na nyumba ikakosa hata unga wa kusonga. Hapo jirani yao Ersilia, aliyekuwa akilipwa kusimama uchi achorwe na wachoraji wa mtaa wa Margutta tangu ujana wake, alimvuta Domitilla pembeni.

"Mficha uchi hazai, shoga. Na wewe umeshazaa, mtoto anataka kula. Twende."

"Nazzareno akijua?"

"Atajuaje? Mwambie unapiga pasi kwa bibi mmoja ng'ambo ya mto."

Alikwenda. Mchoraji aliitwa Ghirelli, na Domitilla alimpa sharti moja tu, kwamba uso wake usionekane. Ghirelli akakubali. Akamsimamisha juu ya jukwaa la mbao, amegeukia dirisha bila nguo hata moja, akamchorea alama za chaki kuzunguka nyayo ili akishapumzika ajue pa kurudi. Ubavu mmoja uliungua kwa jiko, wa pili ukaganda kwa baridi.

Aibu ilimwisha upesi. Hofu haikumwisha. Binamu mmoja wa Nazzareno aliwahi kumrudisha mkewe kwao kwa kosa dogo kuliko hilo, akamnyang'anya mtoto, na Nazzareno alimsifu mezani mbele ya watu. Domitilla naye alikuwa na binti mdogo, Nunziata. Kila alipopanda jukwaani alimwona Nunziata akilelewa na wengine, akifundishwa kutomtaja mama yake.

Kitu kimoja hakukivua: hereni nyekundu za marijani alizotiwa na mama mkwe siku ya uchumba. Kwao milimani mwanamke hazivui hizo hata masikio yakimuuma. Huzivua siku anapofiwa na mume. Ghirelli hakujua hayo. Alisema tu, "Ziache, wekundu huo ndio picha ilioukosa." Hakuwa mtu mbaya, ila macho yake yaliona rangi, watu yakawapita.

Bega likapona, na baridi ikaondoka. Asubuhi moja Nazzareno alikuwa akichovya mkate kwenye maziwa.

"Leo tunabeba picha za Margutta kupeleka kwenye maonyesho," alisema. "Zote, na za Ghirelli zimo."

Domitilla alishika ukingo wa meza mpaka mume alipotoka, kisha akakimbilia kwa Ersilia.

"Mwanamume gani anaujua mgongo wa mkewe?" Ersilia alimcheka. "Wao wanajua mbele tu, tena gizani."

"Na hereni?"

Ersilia akaacha kumenya vitunguu. "Mmh. Basi zivue. Akiziona kwenye picha, asizione kwako."

Mimi ningemzuia, lakini nani aliniuliza? Hofu ikimwingia mtu humpokonya hata akili aliyozaliwa nayo. Alipaka sabuni, akazungusha, akavuta mpaka masikio yakatoka damu. Akazifukia kwenye kopo la chumvi, akaachia nywele zifunike. Siku hiyo aliunguza dengu.

Nazzareno alirudi jua halijazama, ana jasho na furaha.

"Nimebeba wanawake uchi tangu asubuhi," alisema akiketi, "na hakuna mwepesi hata mmoja. Yuko aliyenipa mgongo njia nzima, kanuna anatazama dirisha. Nikamwambia, bibi, hata mke wangu akinuna hugeuka wakati wa kula."

Domitilla alicheka. Alicheka kwa moyo wote, maana alikuwa amepona: mumewe aliubeba mgongo wa mkewe mwenyewe mji mzima na hakuujua. Akainama kumpakulia, na nywele zikamwangukia mbele.

"Masikio yako yana nini?"

"Nilikuwa naosha nywele."

"Mama yangu aliosha nywele miaka yote. Hereni alizivua siku jeneza la baba lilipotoka." Bado alikuwa akitabasamu. "Kwani mimi nimekufa lini, Domitilla?"

Domitilla alijipangusa mikono kwenye aproni, akajipangusa tena. Nunziata alikuwa chini ya meza akimlaza mwanasesere wake wa matambara.

Nazzareno aliinua kijiko, kikaishia njiani. Tabasamu likamtoka taratibu.

"Yule wa dirishani," alisema, "alikuwa na vitu vyekundu masikioni."

Akakilaza kijiko kando ya sahani, polepole, kisipige kelele.

"Geuka," alisema. "Tazama dirishani."

Domitilla akageuka, na miguu yake ikajipanga yenyewe pale ambapo chaki ingekuwa.